Tonge la Dirishani

Mtaani walimwita Mama Matonge, na mpita njia mmoja mwenye njaa aliwahi kuingia kwake mchana akauliza leo mboga ni nini. Alivutiwa kiti, akapewa maji ya kunywa, akaelezwa kwa upole kwamba matonge ya humu ndani hayaliwi. Ni ya udongo.

Mama Matonge alikuwa mfinyanzi, na kazi iliyomtoa kitandani ilikuwa vikombe. Bakuli alitengeneza, na vyungu vya maua pia kwa wale waliong'ang'ania, lakini hivyo alivifanya kama mtu anayeitikia salamu huku akiwaza mengine. Ukitaka kikombe kwake hakukuuliza rangi wala ukubwa. Alikata kipande cha udongo laini, akakikanda mbele yako mpaka kikaacha kunata, akakuwekea mkononi. "Shika kama unavyoshika chai," alikuambia. "Usishindane nacho, hakijakukosea kitu." Ukakishika, vidole vikazama, na ulipoachia, likabaki juu ya ubao tonge lenye mkono wako: kiganja upande mmoja, vidole vinne upande wa pili, na dole gumba limejilaza peke yake.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Mama Matonge alilichukua lile tonge, akafumba macho, akauingiza mkono wake mahali ulipokuwa wako, akatulia. Alitulia hivyo muda mrefu kiasi cha wateja wengine kuona haya, kana kwamba wameshikwa mkono hadharani na mtu wasiyemjua. Kisha alifumbua macho akasema mambo. Wewe unaandika sana. Kidole hiki kiliwahi kuvunjika. Wewe unakunywa chai huku umesimama, na hiyo si tabia nzuri. Mara nyingi alipatia, na alipokosea alisema kosa ni la udongo.

Akishamaliza kulisoma tonge, alilikanda lote na udongo wa kikombe chenyewe. Alama zote zikaenda na maji. Watu wengi walimwona hana akili nzuri kwa jambo hilo. Bwana mmoja mwenye ukumbi wa maonyesho alimbembeleza amwachie matonge yakauke, ayapange ndani ya kabati la vioo yamulikwe na taa, watu waje washangae. Mama Matonge alikataa katakata. Alisema alama ya mkono wa mtu si mali yake, ameazimwa tu ili ajifunze, na akishajifunza inarudi kwa mwenyewe ikiwa ndani ya kikombe. Yule bwana akasema hiyo ni falsafa nzito sana. Mama Matonge akasema ni adabu tu.

Siku nyingine alikuja mwandishi wa jarida, msichana mwenye kinasa sauti, akauliza kwa sauti ya kanisani, "Falsafa yako ya sanaa ni nini, mama?"

Mama Matonge alifikiri. "Chai isikuunguze," alisema, "na kikombe kisikudondoke."

Kutoka chumba cha pili sauti ikapaa juu ya cherehani: "Mwambie na ukweli, kwamba rula inakushinda kusoma!"

Huyo alikuwa dada yake. Dada alikuwa fundi wa nguo, na vyumba vyao viwili vya kazi vilipakana, vikiunganishwa na mlango usiofungika. Haukufungika kwa sababu haukuwa na ubao. Zamani, walipohamia hapo hawana kitu, waliung'oa ubao wa mlango wakaulaza juu ya miguu ya mbao ukawa meza ya dada ya kukatia vitambaa. Tundu la kitasa lilikuwa bado lipo kwenye kona ya meza, na dada alilitumia kuning'inizia mkasi. Kwa hiyo maisha yao yote ya kazi walisikiana: huku gurudumu la kufinyangia likizunguka, kule cherehani ikikimbia, na katikati maneno ya ndugu wawili wanaotaniana bila kutazamana.

Dada alikuwa na lalamiko lake moja la kudumu. Mji mzima ulikunywa chai kwenye vikombe vya mdogo wake, na yeye alikunywa kwenye kikombe cha bati kilichobanduka rangi mpaka kikaonekana kina ukoma.

"Na mimi lini?" alikuwa akiuliza.

"Wewe ni wa nyumbani, dada. Utapata."

"Hilo nimelisikia tangu nikiwa na meno yote."

"Wateja ndio wanaoondoka. Wewe unaenda wapi?"

Wakacheka wote wawili. Ulikuwa utani wa kawaida, wa kila siku, na Mama Matonge aliusema mara nyingi kiasi kwamba hata hakuusikia tena ukitoka mdomoni. Isitoshe, mkono wa dada aliujua. Ndio mkono uliomvusha barabara utotoni, uliomsuka nywele, uliomzaba kibao pale alipostahili na siku chache ambazo hakustahili. Mtu wa namna hiyo unamwachia mwisho, siku ukiwa na nafasi na udongo mzuri. Tatizo la watu wa nyumbani ni kwamba hawapangi foleni.

Siku moja, mvua zikiwa ndiyo zimeanza, Mama Matonge alikuwa kwenye gurudumu na bakuli kubwa lililokuwa limefika pabaya, ukuta wake umekuwa mwembamba, ukipepesa macho linaanguka. Alisikia dada akiingia nyuma yake, akisogea kwenye meza ya kukandia, akikata udongo. Hakugeuka. Alisikia pumzi ya dada, kisha kimya kidogo.

"Nimekuwekea hapa dirishani," dada alisema. "Safari hii usinizungushe, mdogo wangu. Nina haja na hicho kikombe."

"Nimekusikia, dada."

"Umesikia au umeitikia?"

"Nimesikia! Bakuli litaanguka hili, nitakulaumu wewe."

Dada alirudi chumbani kwake. Bakuli halikuanguka. Tonge likabaki dirishani limeegemezwa kwenye kioo, vidole vimeelekea nje, mgongo umeelekea chumbani, na Mama Matonge alipopita karibu nalo aliona mgongo tu, akajiambia wiki hii haifai, labda ijayo. Udongo ulikauka ukawa mweupe. Vikaja vikombe vya harusi ya mtu fulani, vikaja vingine vya ofisi fulani, tonge likazoeleka pale kama kitasa cha dirisha.

Halafu dada akafa.

Alianguka asubuhi nyumbani kwake akitoka kuoga, akapelekwa hospitali, na Mama Matonge alipofika mbio, kandambili moja mguuni na nyingine mkononi, akaambiwa amechelewa. Walisema ni uvimbe kichwani. Watu waliokuja kumpa pole walisema neno moja wote: ghafla. Amekwenda ghafla, hakuteseka, hakulala kitandani, hakujua kitu. Mama Matonge alilishika neno hilo kwa mikono miwili. Alilia kwa sauti mpaka koo likakauka, alikataa kula, alimkaripia kila aliyemwambia ajikaze, lakini akilala alijiambia "ghafla" na kidogo alipata usingizi.

Aliporudi kazini jambo la kwanza aliloliona ni tonge. Hakulitazama vizuri wala hakuligusa. Tonge la udongo mkavu usiochomwa ni kitu dhaifu kuliko biskuti, ukilishika vibaya linakumegekea, na tone la mvua likipenya dirishani linaliyeyusha. Alichukua bakuli, lilelile lililokataa kuanguka, akalifunika nalo palepale dirishani. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa na tonge la kuhifadhi. Yule bwana wa kabati la vioo angefurahi.

Kazi ikamkataa. Udongo ulipanda juu ya gurudumu ukayumba kama mlevi, vikombe vikatoka vimepinda, na kila alipofyonza meno kwa hasira alisubiri sauti ya chumba cha pili imtanie. Sauti haikuja. Iliyokuja ni ya cherehani tu, kwa sababu binti wa dada alikuwa akimalizia nguo za wateja wa mama yake. Binti huyo alikuwa fundi naye, msaidizi wa mama yake, mkimya, mrefu, mwenye tabia ya kushika pini mdomoni hata asiposhona. Mama Matonge hakujaliwa kuzaa, na huyu ndiye mtoto aliyekuwa akimjivunia mbele za watu.

Nguo zilipokwisha, binti alikuja akasimama mlangoni, yaani pale ambapo mlango ungekuwepo.

"Mama mdogo, nimepata kazi. Mji mwingine, kwenye kiwanda cha nguo. Chumba nitakirudisha mwisho wa mwezi."

Mama Matonge aliosha mikono ambayo haikuwa na kitu. "Umefanya vizuri, mwanangu. Ubaki hapa na nani, na mizimu?"

"Nina ombi moja. Nataka kikombe cha mama."

"Kile cha bati? Kichukue, ni chako."

"Si kile. Hicho unachojua."

Mama Matonge alijua. Alitazama bakuli lililofunikwa dirishani, akatazama pembeni haraka. Ili amtengenezee kikombe kwa njia yake, lazima tonge liingie majini, liyeyuke, likandwe na udongo mwingine mpaka lisijulikane. Mkono wa dada yake uliobaki duniani ulikuwa huo tu. Picha zipo, nguo zipo, lakini picha haikushiki. Na pale chini ya bakuli palikuwa na mahali ambapo, akitaka, angeweza kutia vidole vyake kwenye vidole vya dada.

"Nitakutengenezea," alisema, na moyoni alikuwa ameshakata shauri la kudanganya.

Alichukua udongo mwingine, mzuri, aliokuwa ameutunza kwenye mfuko kwa ajili ya kazi ya fahari. Hakuhitaji tonge, alijiambia. Mkono ule aliujua kuliko wake. Akafinyanga kikombe kipana kidogo chini, kwa sababu dada alikuwa na kiganja kipana. Kilipoanza kukauka lakini bado kinakubali kidole, alikibonyeza kwa mkono wa kulia, taratibu, akiukumbuka mkono ule ukishika mkasi, ukishika sindano, ukimshika yeye sikio. Alikichoma, akakipaka ndani rangi ya kung'arisha, akakichoma tena. Kilitoka kizuri. Mtu mwingine angekiita kazi yake bora.

Binti alikipokea kwa mikono yote miwili. Alikishika kwa wa kulia, akatikisa kichwa kidogo. Akakihamishia wa kushoto, akakizungusha, akatafuta, akakirudisha mezani.

"Ni kizuri, mama mdogo."

"Lakini?"

"Lakini si chake."

Mama Matonge alipandwa na hasira, ile hasira ya mtu aliyekamatwa. "Nani anamjua dada yangu kuliko mimi? Nimeushika mkono ule kabla wewe hujafikiriwa! Unataka kunifundisha mkono wa mama yako?"

Binti alilitazama bakuli la dirishani. "Lile tonge hujawahi kulishika," alisema. Halikuwa swali.

"Sijalishika."

"Hata mara moja?"

"Litamegeka! Ndicho kitu pekee nilichobaki nacho, nalo litamegeka. Unanielewa au huelewi?"

"Naelewa," binti alisema. "Lishike, mama mdogo. Tafadhali."

Kulikuwa na kitu katika sauti hiyo. Mama Matonge alikwenda dirishani, akalifunua bakuli. Tonge lilikuwa limekaa vilevile, jeupe, mgongo chumbani. Alilinyanyua kwa viganja viwili kama mtu anayebeba kifaranga, akakaa kwenye kigoda chake cha gurudumu, akafumba macho kama anavyofanya siku zote, akauingiza mkono wa kulia.

Haukuingia.

Dole gumba liliangukia mahali pasipo na kitu. Vidole vilikuta mgongo. Aligeuza tonge juu chini, akajaribu tena, akadhani ni huzuni inayomchanganya. Kisha, kwa sababu mikono yake ilikuwa na akili zaidi yake siku hiyo, mkono wa kushoto ulisogea wenyewe, na vidole vyote vitano vikaingia kwenye vyumba vyao, kimoja kimoja, vikatulia.

Dada alikuwa mtu wa mkono wa kulia. Alikatia kwa kulia, alishonea kwa kulia, alizabia kwa kulia.

Mama Matonge aliendelea kufumba macho na kusoma, kwa sababu hakujua kufanya jingine. Kidole kidogo kilikuwa kimebonyeza mara mbili, mara ya kwanza kimekosea, mara ya pili kimejirekebisha. Dole gumba lilikuwa limekaza kupita kiasi, kama mtoto anavyoshika penseli. Huu ulikuwa mkono unaojifunza. Mtu mzima, fundi wa mkasi, alikuwa anajifunza upya kushika kikombe.

"Mkono wa kulia ulikuwa umekufa," alisema polepole.

"Haukufa wote. Ulikuwa unaachia vitu," binti alisema. "Mkasi ulianza kumdondoka kabla ya mvua. Mimi ndiye nilikuwa nakata, yeye anatia pini tu kwa kushoto. Chai ilimwunguza mara mbili, kile cha bati hakishikiki. Tulikwenda hospitali, wakapiga picha ya kichwa. Walisema uvimbe umekaa pabaya, hawawezi kuugusa."

Neno lile "ghafla" lilimtoka Mama Matonge mikononi hapohapo. Alilisikia likienda.

"Mlijua."

"Tulijua."

"Mimi nipo hapa, ukuta na ukuta, mlango hauna hata ubao, na hamkuniambia."

Binti alikaa chini, sakafuni, penye vumbi la udongo, akiwa na sketi yake nzuri. "Alinikataza. Alisema, mdogo wangu hataki kuambiwa vitu, anataka kuvishika. Nikimwambia atabisha na mimi nitalia, sitaki kulia wa kwanza. Akasema, nitampa tonge. Akilishika hilo tu atajua kila kitu, atakuja hapa mwenyewe, na hapo ndipo tutalia vizuri."

Mama Matonge alilitazama tonge lililokuwa mkononi mwake.

"Kila jioni nilipopita huku kwenda kuchota maji," binti aliendelea, na sasa machozi yalikuwa yanamwagika bila yeye kuyafuta, "nikirudi alikuwa ananiuliza, bado lipo dirishani? Namwambia lipo, mama. Anasema basi, ana kazi nyingi, tusimharakishe."

Nje mtu alikuwa akipita na mkokoteni wenye gurudumu linalolia, na walimsikia mpaka alipokata kona.

"Hata ungejua, mama mdogo, hakukuwa na la kufanya. Daktari alisema."

"Ningejua," Mama Matonge alisema, "ningemtengenezea kikombe."

Akalia. Hakulia kama msibani, kwa sauti na majirani. Alilia ameinama juu ya tonge, akijitahidi machozi yasilidondokee, kwa sababu hata katika hali hiyo alikuwa mfinyanzi na alijua maji yanafanya nini.

Asubuhi iliyofuata alifika mapema na hakufanya kazi nyingine. Alikaa na lile tonge kwenye mkono wa kushoto. Alilishika, akaliachia, akalishika tena. Alisoma pale kidole kidogo kilipokosea. Alisoma shimo la kiganja. Alijifunza mahali ambapo uzito ungelala, na mahali ambapo mkono huo, ukichoka, ungetaka kuegemea. Binti alimletea chai akaiacha ikapoa. Wateja wawili walikuja, wakamwona alivyo, wakajiondokea wenyewe kwa vidole vya miguu.

Wazo la kuliacha lilivyo lilimjia zaidi ya mara moja. Nani angemlaumu? Angelifunika tena na bakuli, angezeeka nalo. Lakini dada hakumpa tonge ili alitunze. Alikuwa na haja ya kikombe, na alisema hivyo kwa mdomo wake, na tonge lililowekwa chini ya bakuli lilikuwa bado ni ombi lisilojibiwa. Kila siku ya kulitunza ilikuwa siku nyingine ya kumzungusha.

Alipokuwa na hakika kwamba mkono wake wa kushoto unajua, alijaza maji kwenye beseni na kuliweka tonge ndani.

Udongo uliokauka kabisa hauyeyuki kwa aibu. Unasikika. Tonge lilitoa mchirizo wa mapovu, likapiga ukelele mdogo wa kunywa maji, kisha kingo zikaanza kumomonyoka. Dole gumba lilikwenda kwanza. Kidole kidogo, kile kilichokosea, kilibaki mwisho. Mama Matonge hakugeuza uso. Binti alikuwa amekuja kusimama mlangoni, na mkono wake ulikuwa umeziba mdomo. Baadaye maji yalikuwa meupe na chini palikuwa na tope tu.

Alilianika tope juu ya ubao mpaka likashikana, akalichanganya na udongo mwingine, akakanda. Alikanda muda mrefu, zaidi ya ilivyohitajika, kwa sababu mtu anayekanda anaruhusiwa kuegemea. Alipouweka juu ya gurudumu, kwa mara ya kwanza tangu msiba udongo haukuyumba.

Kikombe kilipanda, chembamba juu, kizito kidogo chini. Kilipoanza kukauka, alisimamisha gurudumu, akakishika kwa mkono wa kushoto na kukibonyeza. Mkono wake wa kushoto haukuwa umewahi kufanya kazi hiyo, siku zote ulikuwa wa kushikilia tu. Kidole kidogo kilikosea, akakirekebisha, akayaacha makosa yote mawili yaonekane. Nje hakupaka rangi yoyote, alitaka mkono ukutane na udongo wenyewe. Ndani alipaka ile inayong'aa, chai isinywewe na kikombe kabla ya mtu.

Udongo mbichi unasamehe kila kitu, alikuwa na kawaida ya kuwaambia wanaokuja kujifunza. Hujapenda, unarudisha majini, mnaanza upya. Moto ukishapita, basi, umeshasema ulilosema. Alipoziba tanuri safari hii aliweka kiganja juu ya mlango wake, akausikia ukianza kupata joto, na alibaki hapo mpaka haukushikika.

Siku ya kulifungua tanuri, roho ilikuwa juu. Vikombe vingine vitatu vilivyokuwa pembeni vilitoka na nyufa. Hicho kilitoka kizima, rangi ya mkate ulioiva, na joto la tanuri likiwa bado ndani yake. Mama Matonge alikaa nacho mapajani mpaka kikapoa chenyewe.

Binti alikuja siku ya safari, amefunga virago, amevaa gauni ambalo mama yake alilianza na yeye akalimaliza. Mama Matonge alikuwa amechemsha chai. Alimimina tu na kukisogeza kikombe katikati ya meza, akakaa mbali kidogo, kwenye kigoda chake, kama mtu asiyesubiri chochote.

Binti alinyoosha mkono wa kulia, kwa mazoea, ukafika kwenye kikombe ukasita. Akanyoosha wa kushoto. Vidole viliingia. Alikinyanyua, na kikombe hakikuyumba hata kidogo. Kilikaa kwenye mkono usiozoea kazi kama kilichozaliwa hapo. Alikunywa mpaka mwisho bila kukiweka chini, na alipomaliza alikiegemeza shavuni.

"Ni chake," alisema.

"Kimechelewa."

"Ni chake, mama mdogo."

Walikifunga kwa vipande vya vitambaa vilivyobaki, maua mekundu, mistari ya bluu, kimoja cha kijani ambacho mteja alikikimbia. Walikumbatiana, wakaambiana yale maneno ya kuambiana, ule vizuri, upige simu ukifika, usijibishane na wasimamizi. Kisha binti alichukua mizigo yake, na badala ya kutokea mlango wa mbele alipita njia aliyoizoea, kupitia chumba cha mama yake.

Chumba kilikuwa kitupu. Cherehani ilikwenda kwa fundi mwingine, kioo cha kujipimia kilikwenda, ilibaki ile meza tu, ubao wa mlango wenye tundu la kitasa. Mama Matonge, akiwa kwenye kigoda, alisikia viatu vya binti vikivuka sakafu, kisha vikasimama. Alidhani amesahau kitu. Alitaka kuita.

Alitazama dirishani kwake. Palipokuwa na bakuli palibaki duara safi katikati ya vumbi.

Upande wa pili, binti aliongea kwa sauti ya chini, sauti ya jioni, ya mtu anayerudi na ndoo ya maji na kujibu swali aliloulizwa.

"Halipo tena, mama," alisema. "Amelichukua."